Muulize Babu wa Sinema: Mwanangu anasema atarudi komando

Mbukwenyi wasomaji wangu. Safari hii barua zimekuja zote na jambo moja, vita kwenye sinema, nami nimelipokea kwa mikono miwili. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa mwonyesha sinema wa gari la serikali hapa kanda ya kati, kuanzia Mpwapwa na Kongwa mpaka Manyoni na Itigi. Land Rover, projekta ya milimita 16, jenereta, na shuka jeupe la kutundika.

*Shikamoo Babu. Mwanangu wa pili amemaliza kidato cha sita na jina lake limetoka kwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Tangu atoke shule hashiki kitu ila simu, filamu za vita usiku na mchana, zile za Kimarekani zilizotafsiriwa na ma-DJ. Ananiambia, "Mama, mimi nitarudi komando." Baba yake anataka kumnyang'anya simu. Mimi naogopa atafika kambini akute sivyo, avunjike moyo, au ajifanye shujaa aumie. Nimzuie? Mama wa watoto wanne, Chang'ombe, Dodoma.*

Marahaba mwanangu. Mwambie mzee aiache simu. Kijana wa umri huo ukimkataza filamu ataifuata kibanda umiza, na huko hutakuwepo umuulize ameona nini. Kaa naye. Tazameni moja wote wawili mpaka mwisho, na pale shujaa anapowaangusha watu ishirini kwa bunduki moja, muulize hivi: yule wa tatu aliyeanguka, mama yake yuko wapi saa hizi?

Swali hilo nilifundishwa na mwanamke mmoja, miaka ya themanini mwanzoni, kijiji kimoja mbele ya Bahi ukishika njia ya Manyoni. Tulikuwa tumetundika shuka kati ya mibuyu miwili, tunaonyesha picha za vita vya Kagera. Watoto mbele, wazee kwenye vigoda, vijana wamepanda juu ya Land Rover yangu ingawa nilikwisha wakataza. Ikafika sehemu askari wanapita kwa mstari, mmoja mmoja, bunduki mabegani. Mama mmoja akasimama katikati ya watu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye shuka. Kivuli chake kikawa kikubwa kuliko askari wenyewe. Akanyoosha kidole kugusa uso wa mmoja, na picha haingoji, askari akapita, kidole kikabaki kwenye shuka tupu.

Akageuka huku tuliko kwenye mashine akasema, "Msimamishe."

Sikuweza. Ukiusimamisha utepe mbele ya taa ile unaungua. Utaona doa la kahawia linatanuka na picha imekwisha. Nilichoweza ni kuzima, kutoa utepe, kuurudisha kwa mkono, na kuanza upya. Nilifanya hivyo mara tatu. Watu zaidi ya mia mbili walikaa gizani na hakuna aliyepiga mluzi, hata wale wa juu ya gari. Mara ya tatu alitazama karibu kabisa, pua inataka kugusa kitambaa, kisha akasema taratibu, "Siye," akarudi kukaa. Sikumuuliza alikuwa anamtafuta nani, na najuta hadi leo.

Mwanangu, mimi vita vile niliviona nikiwa stesheni ya Dodoma. Amin aliingiza majeshi yake Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akatutangazia mwanzoni mwa Novemba kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na baada ya hapo reli ya kati ikawa ya jeshi. Mabehewa yalipita yakiimba. Kina mama wauza karanga na mayai ya kuchemsha waliacha kuuza siku zile, wakawa wanarushia madirishani bure. Mgambo walikuwemo humo, watu wa jembe waliokuwa mashambani wiki chache nyuma. Vijana wetu waliingia Kampala Aprili 11, 1979, tukacheza ngoma mpaka asubuhi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo filamu huipenda. Miezi mitano ya katikati, mama amekaa na redio ya mkulima hajui mwanawe yuko upande gani wa mto Kagera, hiyo haina milipuko, kwa hiyo wanaikata.

Sasa kuhusu JKT. Hofu yako ya kuvunjika moyo ina msingi, kwa hiyo mwandae kwa ukweli. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na jina lenyewe linasema kazi yake. Utaratibu wa vijana kwenda kwa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994 na ukarejeshwa 2013. Wanangu wawili wamepitia huo wa sasa. Waliniambia habari za mchakamchaka kabla jua halijatoka, kwata mpaka nyayo ziwake moto, jembe, kufyeka, chenja mpaka sauti ikauke, na zamu ya lindo. Yule mdogo alisema kilichomshinda mwanzoni ni lindo: kusimama usiku mahali hapatokei kitu, saa baada ya saa, na huruhusiwi kusinzia. Komando wa kwenye simu hasimami lindo hata siku moja. Mfundishe mwanao kulala mapema wiki hizi zilizobaki, mnunulie soksi nzuri, na mwambie kuruta anayesikiliza afande ndiye anayerudi salama.

Na kama anataka filamu ya kuondoka nayo kichwani, atafute Camp de Thiaroye ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1988. Sembène mwenyewe aliwahi kuwa askari wa jeshi la Ufaransa katika Vita ya Pili. Inahusu Waafrika waliotoka kuipigania Ufaransa Ulaya, wengine walikuwa wafungwa wa Wajerumani, wakarudishwa Senegal wakadai malipo yao. Desemba 1, 1944, jeshi lilelile walilolitumikia likawapiga risasi kambini Thiaroye, karibu na Dakar. Wazee wetu wa Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, waliokwenda Burma hawakufanyiwa hayo, lakini nilipoitazama niliwaona wao: kofia mkononi, wanangoja kuitwa jina na mtu mwenye daftari. Inatisha kuliko filamu zote za mabomu nilizowahi kuendesha.

*Babu, tumebishana kijiweni Majengo. Risasi za kwenye filamu ni za kweli? Na bunduki inaweza kupiga dakika nzima bila kukata? Dereva bodaboda.*

Wanatumia risasi baridi: baruti imo, kichwa cha risasi hakimo. Moto na mlio ni wa kweli, na kwa karibu inaua. Mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alifariki mwaka 1984 baada ya kujiwekea kichwani bastola ya namna hiyo kwa mzaha. Ama hilo la dakika nzima, hapana. AK-47 hubeba risasi 30 na mwendo wake ni kama risasi 600 kwa dakika. Ukikaza kidole, sekunde tatu imekwisha. Aliyesema dakika nzima alipe chai.

*Shikamoo Babu. Sisi ni wanafunzi wa chuo hapa Dodoma, tunataka kutengeneza filamu fupi ya uzalendo kuhusu askari. Tumepata kombati za mtumba na bunduki za mbao. Tunaomba ushauri wako.*

Marahaba wajukuu. Kombati zirudisheni leo. Sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na JWTZ wametangaza hivyo mara nyingi. Mkitaka sare, andikeni barua kwa jeshi, na kibali cha kurekodi kiombeni Bodi ya Filamu.

Lakini nisikieni, msiishie hapo. Pandeni gari mwende Kongwa. Pale ambapo Waingereza walifeli na mradi wao wa karanga, ulioanza 1947 na kufungwa 1951, ndipo nchi yetu ilipowapa kambi wapigania uhuru kuanzia mwaka 1964: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe. Wale wa ANC walikuwa wamekwisha fundishwa vita, na njia ya kurudi kwao ikawa haipitiki, kwa sababu kati yao na Afrika Kusini kulikuwa na nchi zilizoshikwa na Wareno na walowezi. Wakakaa miaka wakingoja. Wakalima, wakacheza mpira na watu wa pale, wengine wakazaa watoto na binti zetu, kisha siku ikafika wakaondoka usiku. Wapo watu wazima Kongwa leo ambao baba zao waliondoka hivyo. Huo ni uzalendo wa watu wengi kwa pamoja, wa aliyengoja kwenda vitani na wa aliyempa kiwanja na maji, na sijauona ukionyeshwa kwenye shuka lolote nililotundika.

Andikeni kuhusu binti mmoja wa Kongwa na asubuhi ile moja, kambi imebaki nusu, yeye ana ndoo kichwani na mtoto mgongoni, anahesabu mahema. Hapo hamhitaji bunduki ya mbao wala kombati. Mkimaliza, nileteeni niione. Shuka langu bado ninalo.