Maswali ya Wasomaji: Kuvifahamu Vifaa vya Boti ya Tanga Iliyotumika

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua boti ya tanga iliyokwisha kutumika, ambayo ililetwa Moshi kwa lori kutoka Tanga, nami nakusudia kuitumia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Ni boti ya faibaglasi yenye mlingoti wa alumini, na kwenye tanga kuu pameandikwa herufi W pamoja na namba. Aliyeniuzia hakuwahi kuiendesha, kwa hiyo hakuweza kunieleza lolote. Nimekabidhiwa pia katoni lililojaa makapi (vigurudumu vya kupitishia kamba), pini, pete za chuma na vipande vya kamba ambavyo sijui vinakaa wapi. Ngalawa nimezipanda Pangani tangu utotoni, lakini vifaa hivi vimenishinda. Nianzie wapi?
Msomaji wa Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa boti yako. Kabla ya yote, usitupe kitu chochote kilichomo katika katoni hilo, hata kipande cha kamba kilichochakaa, kwa sababu urefu wake na fundo lililobaki mwishoni mwake vinaweza kukuonyesha kilikofungwa. Vivyo hivyo, usifungue kifaa chochote kilichobaki botini kabla ya kukipiga picha kutoka pande mbili.

Herufi W ni alama ya boti za aina ya Wayfarer, zilizobuniwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957. Pima urefu: ukipata takriban mita 4.8 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na upana wa karibu mita 1.85, basi huna sababu ya kutilia shaka. Jambo hili lina faida kubwa, kwa kuwa boti za aina hii zimetengenezwa kwa maelfu, wamiliki wake wana chama chao huko Uingereza, na michoro ya mpangilio wa kamba zake hupatikana bila shida. Ni boti imara kuliko inavyoonekana. Katika miaka ya 1960 Frank Dye aliendesha moja ya aina hiyo kutoka Uskoti hadi Aislandi.

Ujuzi wako wa ngalawa utakusaidia zaidi ya unavyodhani. Jarari, yaani kamba ya kupandishia tanga, ipo; demani, yaani kamba ya kulitawala tanga, ipo; shikio (usukani) na kana (mpini wake) vipo. Kinachokosekana ni matengo, zile mbao za ubavuni zinazoizuia ngalawa isilale. Kazi ya matengo hapa imegawanywa: uzito wa mabaharia huizuia boti isilale, na ubao mrefu unaoshushwa katikati kupitia mfereji wa sakafuni huizuia isisukumwe upande wakati wa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo. Ndiyo maana utaona mikanda miwili imefungwa sakafuni kwa urefu. Hiyo si ya kufungia mizigo. Ni ya kuingizia miguu, ili mtu aweze kukaa ukingoni na kuegemea nje upande wa joshi, yaani upepo unakotoka. Ikague mishono yake kwa kuivuta kwa nguvu zote ukiwa nchi kavu, kwa maana mkanda ukikatika, aliyeegemea huanguka majini kinyumenyume, na Nyumba ya Mungu ina mamba.

Sasa tuje kwenye mlingoti, ambako ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Mlingoti wa ngalawa hukazwa kwa kamba ambazo nahodha huzigusa kila siku, lakini huu wako unashikiliwa na waya tatu tu: moja inayoshuka hadi omo na mbili zinazoshuka ubavuni, kushoto na kulia. Waya moja ikikatika penye upepo, mlingoti wote unaweza kuanguka. Chukua kitambaa cha pamba, kizungushe kwenye waya na ukivute taratibu kutoka juu hadi chini. Kikinasa nyuzi, ujue kuna uzi wa chuma uliokatika, na waya huo haufai tena hata kama uzi uliokatika ni mmoja. Usifanye kazi hiyo kwa mkono mtupu, kwani nyuzi hizo huchoma kama sindano. Kisha utazame kwa makini mahali waya unapoingia katika kichwa chake cha chuma. Hapo ndipo maji ya chumvi hujificha, na michirizi ya kutu inayotoka ndani au ufa mwembamba kama unywele ni sababu ya kutosha ya kubadilisha waya mzima. Kwa boti ambayo historia yake haijulikani, mimi ningezibadilisha zote tatu bila kusubiri dalili.

Pini nyingi zilizomo katika katoni lako bila shaka ni za kufungia waya hizo. Pini kubwa hupita katika tundu, na nyingine ndogo yenye miguu miwili huizuia isichomoke. Miguu hiyo ipanuliwe kidogo tu, kisha ifunikwe kwa utepe, la sivyo itachana tanga na mikono. Pini ndogo iliyokwisha kukunjwa na kunyooshwa mara kadhaa ibadilishwe. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na mlingoti.

Unga mweupe unaouona pale skrubu za stenlesi zinapoingia katika alumini hutokana na metali hizo mbili kukutana kwenye maji ya chumvi, ambapo alumini ndiyo huliwa. Usizilazimishe skrubu hizo kwa spana. Zipake mafuta ya kulegeza, uziache usiku kucha, ujaribu tena. Boti nzima ioshwe kwa maji baridi mengi, yaani yasiyo na chumvi, hasa ndani ya makapi, mpaka kila gurudumu lizunguke bila kukwaruza.

Kamba zilizobaki utazielewa kwa kujiuliza kila moja inavuta nini na kuelekea wapi. Inayotoka katikati ya mti wa chini wa tanga na kushuka kwenye kitako cha mlingoti huuzuia mti huo usipae juu. Inayovuta kona ya nyuma ya tanga hulinyoosha upande wa chini. Ukikuta tundu dogo juu kidogo ya kona ya mbele, kamba yake huvutwa chini upepo ukizidi, ili kukaza ukingo wa mbele wa tanga. Mpangilio huo huitwa Cunningham, kwa jina la Briggs Cunningham, Mmarekani aliyekuwa nahodha wa boti iitwayo Columbia katika mashindano ya boti za tanga ya Kombe la America mwaka 1958.

Omo na tezi zina vyumba vya hewa vyenye vifuniko, ambavyo huifanya boti ielee inapopinduka. Mpira wa kifuniko ukiwa umekauka, maji yataingia na boti haitainuka tena. Badilisha mipira hiyo, na uhakikishe kila kizibo cha kutolea maji kipo.

Boti isimamishwe mlingoti nyumbani kwanza, siku isiyo na upepo, mbali kabisa na nyaya za umeme, maana alumini ya urefu wa zaidi ya mita 6 ikigusa waya huua. Matanga yapandishwe na kushushwa hapo hapo mpaka mikono izoee. Kabla ya kuishusha bwawani, wasiliana na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kuhusu ukaguzi wa vyombo vidogo.

SWALI: Mhariri, maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Arusha huuza kamba za buluu na kijani kwa bei nafuu. Je, zinafaa kwa jarari na demani?
Msomaji wa Sakina, Arusha

JIBU: Hazifai. Nyingi ni za polipropilini, ambayo huteleza mkononi na kuoza kwa jua. Zitambue kwa kutumbukiza kipande katika ndoo ya maji: polipropilini huelea, ilhali nailoni na poliesta huzama. Nailoni nayo hunyumbuka, hivyo iachwe kwa ajili ya nanga, ambako mnyumbuko hupunguza mishtuko. Jarari na demani ziwe za poliesta iliyosukwa, na demani isiwe nyembamba kuliko milimita 8, kwa sababu hushikwa mkononi saa zote. Ncha zichomwe kwa moto, kisha zifungwe kwa uzi imara.