Nimeongeza karanga, mtama ukageuka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma hapa Dodoma, mwaka wa pili, na namwandikia mjomba programu ya C ya ghala lake la Kibaigwa. Mazao nimeyaweka kwenye enum, yaani orodha ya majina yanayosimamia namba: MAHINDI, MTAMA, UWELE, ALIZETI. Juzi nikaongeza KARANGA baada ya MAHINDI. Sasa nikifungua faili la zamani, magunia ya mtama yanasomeka karanga na alizeti zimekuwa uwele. Halafu printf, amri ya kuchapisha, inanipa namba badala ya jina. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Faili lako halijaharibika, namba zilizomo ni zilezile ulizoandika. Kilichobadilika ni maana yake.

Majina ya enum anayajua kompaila tu, yule anayetafsiri msimbo wako kuwa programu. Ukiandika MTAMA, yeye anaweka namba na kuendelea. Usipompa namba, anaanza na 0 na kupanda moja moja. Hapo mwanzo, basi, mtama ulikuwa 1 na alizeti 3. Ulipochomeka karanga katikati, karanga ikachukua 1, mtama ukasogea kwenye 2, uwele 3, alizeti 4. Faili halina habari na hayo. Lilihifadhi 1, na 1 leo ni karanga.

Rudisha mpangilio wa zamani, karanga ikae mwisho, na kila zao lipe namba yake waziwazi:

enum zao { MAHINDI = 0, MTAMA = 1, UWELE = 2, ALIZETI = 3, KARANGA = 4 };

Usishawishike kuanzia 1 eti inapendeza. Utayasogeza yote tena. Namba ikishaingia kwenye faili haiguswi, hata mjomba akiacha kununua uwele. Kazi ngumu ni rekodi ulizoingiza tangu juzi, maana zimeandikwa kwa hesabu mpya. Hizo zitenge kwa tarehe uzibadilishe kabla hazijachanganyika na za zamani. Mimi ningekaa na daftari la ghala, nilinganishe mstari kwa mstari.

Kuhusu printf: programu ikishakompailiwa, jina halipo tena la kuchapishwa. Tengeneza safu ya maandishi:

const char *majina[] = { [MAHINDI] = "mahindi", [MTAMA] = "mtama", [UWELE] = "uwele", [ALIZETI] = "alizeti", [KARANGA] = "karanga" };

Kisha chapisha majina[z] kwa %s, alama ya maandishi kwenye printf; z ni kigeu chenye namba ya zao. Mtindo huu wa mabano ya mraba uliingia kwenye kiwango cha C cha 1999, na uzuri wake ni kwamba kila neno linakwenda kwenye namba yake hata ukiyaandika shaghalabaghala.

Ila usiamini kwamba z lazima iwe moja ya hizo tano. C haikulindi hapo. Ukiandika z = 9 inakubali, wakati C++ ingekataa. Kwa hiyo namba inayotoka kwenye faili isome kwanza kwenye int (namba nzima) ya kawaida, hakikisha iko kati ya 0 na 4, ndipo uiweke kwenye z. Ukikagua z yenyewe kama iko chini ya 0 unaweza kujidanganya, kwa sababu kompaila ya GCC, enum isipokuwa na namba hasi, huihesabu kama isiyo na alama ya kutoa, na jibu la swali hilo litakuwa hapana daima.

Na kwenye switch zako (pale programu inapochagua la kufanya kwa kila zao), kama umeorodhesha mazao yote, usiweke default, yaani tawi la "mengineyo yote". Kompaili kwa -Wall, chaguo linalowasha maonyo, na siku mjomba akileta choroko kompaila atakutajia kila switch uliyoisahau. Ukiweka default ananyamaza. Niliwahi kupoteza siku nzima natafuta kosa la namna hiyo, na default nilikuwa nimeiandika mwenyewe.