Nivute waya au nibaki na waifai?

SWALI: Habari za kazi, ruta yangu iko sebuleni na chumba ninachofanyia kazi kiko mwisho wa korido, katikati kuna kuta mbili za tofali, nikiwa kwenye mkutano wa video sauti inakatika katika mpaka naona aibu. Nivute waya au ninunue kiongeza waifai? Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Vuta waya, tena usisubiri. Tofali na zege zinakula mawimbi, hasa yale ya 5 GHz ambayo yana kasi ila hayapenyi vizuri, ya 2.4 GHz yanapenya lakini majirani nao wamo humohumo mnagombania, halafu hivyo viongeza vya bei rahisi vingi vinapunguza kasi karibu nusu maana vinapokea na kutuma kwa mawimbi yaleyale. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unatosha kabisa, unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, korido yako haifiki huko. Dukani omba wakuchunie ncha, utaona nyuzi 8, kwangua mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iache, inakatika upesi. Simu zibaki tu kwenye waifai.