Sweta ya Disemba, Dar

Disemba ile nilikuwa barazani kwa mama, Temeke, saa nane mchana, nimevaa sweta. Majirani wanajipepea kwa kanga, mimi meno yanagongana. Mama akakata shauri: "Hiyo malaria, mwanangu." Tukapima, hakuna. Sauti ilishakuwa nzito, choo kigumu, usingizi hauishi. Nikasingizia safari.

Kumbe ni dawa. Huko Uingereza ninakoishi nilikuwa nikitundikiwa dripu ya nivolumabu kila wiki mbili, kwa sababu limfoma ya Hodgkin, saratani ya mfumo wa limfu, ilinirudia. Dawa hii haiigusi saratani yenyewe. Saratani huwa imewakanyagia breki askari wa mwili, yaani chembe za kinga, breki iitwayo PD-1; dawa huwaachia. Tatizo ni kwamba askari walioachiwa wanaweza kuvamia hata nyumba isiyo na mwizi: utumbo, mapafu, ini, ngozi. Kwangu walivamia tezi ya shingoni, ikalegea, ndiyo ile baridi.

Kosa langu lilikuwa neno moja. Zahanati waliponiuliza natumia dawa gani, nikajibu "kemo", yaani dawa za kuua saratani, nikiona ndiyo lugha rahisi. Wakahesabu chembe nyeupe za damu, ambazo kemo huzishusha, ziko sawa, nikarudishwa nyumbani. Hakuna aliyewaza kupima homoni za tezi, na siwalaumu. Wewe taja dawa kwa jina, useme inaamsha kinga. Kadi ya tahadhari niliyopewa ilikuwa imelala kwenye droo Leicester. Ipige picha ikae kwenye simu, na usiifute ukimaliza tiba, maana madhara yanaweza kuzuka miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho.

Kinachonitisha zaidi ya tezi ni kuharisha, kwa sababu tunaona haya kusema kwamba tunaharisha. Hesabu umekwenda chooni mara ngapi zaidi ya kawaida yako, upige simu kwa timu yako siku hiyohiyo kabla ya kununua dawa ya kufunga tumbo. Kikohozi kipya au pumzi kukatika, vilevile. Ukipewa prednisoloni, dawa ya kuwatuliza askari hao, usiiache ghafla eti umepata nafuu. Hupunguzwa polepole, wiki hadi wiki. (Itakufanya ule kama mchimba kisima. Vumilia.)

Dripu sikuachishwa, ila tezi yangu haikuamka tena. Kila alfajiri nameza kidonge cha homoni kwa maji matupu, chai ya maziwa inasubiri zaidi ya nusu saa. Mama bado anapiga simu kulalamika kwamba chai inapoa.