Kubana si dawa ya kila kitu: majibu ya maswali yenu kuhusu nyonga

Mwezi huu meseji nyingi zilikuwa za mstari mmoja: "Nafanya Kegel lakini haisaidii", yaani yale mazoezi ya kubana misuli ya nyonga. Umri hakuna, idadi ya watoto hakuna, mkojo unatoka saa gani hakuna. Ni sawa na kumpigia fundi simu, kumwambia "gari inalia", kisha kukata. Nimejibu yale yenye kichwa na miguu. Wengine mtajiona humo.

Nikikohoa, nikicheka au nikiinua mtungi wa maji, mkojo unanitoka kidogo. Nina miaka 34 na watoto watatu. Kwa miezi miwili nimekuwa nikikatiza mkojo chooni kila asubuhi kama zoezi. Sioni tofauti. (Mama wa Kondele, Kisumu)

Mama, kwanza acha kukatiza mkojo. Unapokojoa, kibofu hujikaza na misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu, kizazi na utumbo kutoka chini, hulegea. Ukiizoesha kinyume, mkojo unabaki ndani, na mkojo uliobaki ni makao ya vijidudu. Kukatiza ni kipimo cha mara moja cha kuijua misuli yenyewe, basi.

Zoezi ni hili. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae kitandani. Kaza kana kwamba unazuia hewa isikuaibishe kanisani, endeleza mkazo huo mbele hadi pale unapozuia mkojo, kisha uvute juu kuelekea kitovuni. Chukua kioo kidogo utazame msamba, ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa. Ukiingia ndani na kupanda, unabana. Ukivimba na kutokeza nje, unasukuma, na wapo wanaosukuma nusu mwaka wakidhani wanabana, hali ikizidi kuharibika. Makalio na mapaja yatulie. Hesabu kwa sauti, kwa sababu anayehesabu hawezi kuzuia pumzi.

Shikilia kwa sekunde unazoweza, hata zikiwa tatu, pumzika kwa muda huo huo au zaidi, rudia mara 8. Halafu bana na kuachia harakaharaka mara 10. Hiyo ni zamu moja, na kwa siku unahitaji zamu 3. Lengo ni kufika sekunde 10 kila mkazo. Anza ukiwa umelala, uendelee ukiwa umeketi, umalizie ukiwa umesimama, maana mtungi hauinuliwi kitandani. Jipe miezi 3 kamili, ikihesabiwa tangu siku ulipobana sawasawa. Ile miwili ya chooni haimo.

Wala usingoje misuli ipate nguvu ndipo uitumie. Unapohisi kikohozi au chafya inakuja, bana kwanza, ushikilie mpaka ipite. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Chota kwa miwili ya lita 10, usogeze karibu na mwili, utoe pumzi wakati wa kuinua.

Na huyo Kegel anayetajwa kila mahali alikuwa daktari wa wanawake huko Marekani, aliyechapisha kazi yake mwaka 1948. Watu walishika jina wakasahau kwamba alitumia chombo cha kupima mkazo, ili mwanamke aone mwenyewe kama anabana kweli. Hakuwaambia wabahatishe. Ukishindwa kuhisi mkazo, au miezi mitatu ikiisha bila nafuu, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia afya ya wanawake akupime kwa kidole. Ni dakika chache tu.

Kuna dada hapa Nakuru anauza lulu za kusafisha kizazi na kubana uke. Pia nimesikia shabu na mvuke vinasaidia. Kipi ni bora? (Bahati, Nakuru)

Hakuna. Nimechoka na swali hili, lakini kwa kuwa biashara haijachoka, nitarudia. Shabu inakausha ngozi laini ya uke na kuichanachana. Ukavu si nguvu, na palipochanika ni mlango wa maambukizi, virusi vya Ukimwi vikiwemo. Mvuke unaunguza. Lulu ni mfuko wa dawa usiojulikana unaokaa mwilini siku kadhaa, na ule uchafu unaotoka unaoonyeshwa kwenye picha kuwa ndio "sumu" ni uke uliokasirishwa ukijitetea. Uke unajisafisha wenyewe. Nje, maji yanatosha.

Nafanya kazi kwenye shamba la maua, nina miaka 29. Nabanwa ghafla karibu kila nusu saa, na nisipokimbia nguo inalowa. Nimeacha kunywa maji kazini. (Naivasha)

Dada, hili si tatizo la mama wa Kondele ingawa mwisho wake ni nguo ile ile iliyolowa. Kwake mlango ni dhaifu. Kwako kibofu ndicho chenye haraka. Ndiyo maana hasira zangu haziishi kwa wanaogawa karatasi moja ya mazoezi kwa kila mwanamke.

Kabla ya mazoezi, pima mkojo kuona kama kuna maambukizi, na upime sukari. Kisha rudisha maji, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na kwenye joto la grinhausi huenda ukahitaji zaidi. Mkojo wa manjano mzito unachokoza kibofu, kwa hivyo kujinyima kunakuzidishia kile unachokikimbia. Chai na kahawa ndizo za kupunguza. Strungi nayo ni chai, msinidanganye.

Kwa siku 3 andika kila safari ya choo: saa, kiasi (tumia kikombe cha kupimia), na ulikuwa umekunywa nini. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 300 hadi 500 bila shida. Kama kila safari unatoa 80 au 100, kibofu hakikujaa, kimepiga kelele tu. Sasa kifundishe. Kama muda wako ni dakika 30, wiki ya kwanza ufanye 45, wiki inayofuata saa moja, ukiongeza dakika 15 mpaka ufikie saa tatu. Kwa mwendo huo ni wiki 10 hivi, usikate tamaa njiani.

Haja ikikujia kwa kishindo, usikimbie. Simama au keti, bana haraka mara tano au sita, pumua polepole, ungoje wimbi lishuke. Likishuka, tembea kwenda chooni kama mtu mwenye heshima zake. Kukimbia kunatikisa kibofu na kukizoesha kuwa kengele ikilia, mbio. Acha pia ile tabia ya "wacha niende tu kabla ya kupanda matatu". Kila unapokojoa bila haja unakifundisha kibofu kulia kikiwa na kidogo.

Kuhusu msimamizi anayehesabu safari za choo: hiyo daftari ya siku tatu na barua ya kliniki mpelekee. Anayewafanya wafanyakazi wabanwe saa tano mfululizo anatengeneza wagonjwa.

Nina miaka 52, nimezaa saba. Kuna nyama inatokeza chini, jioni inakuwa kubwa, asubuhi inarudi. Jirani anasema dawa ni kutoa kizazi tu. Mimi ni mkulima. (Bungoma)

Mama, pole na kazi. Hilo linalotokeza si lazima liwe kizazi. Mara nyingi ni ukuta wa mbele wa uke ukisukumwa na kibofu, au wa nyuma ukisukumwa na utumbo wa haja kubwa. Kama ni hivyo, kizazi kikitolewa ukuta unabaki pale pale umelegea. Muombe daktari akuchunguze ukikaza tumbo, na ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala asubuhi kinajificha.

Kama hakijapita sana mlango wa uke, mazoezi yale ya mama wa Kondele kwa miezi minne, chini ya mtu anayekuangalia, yanapunguza uzito na kero. Kama kimetoka zaidi, kuna pete ya silikoni inayowekwa ndani kushikilia. Hupimwa kwa saizi yako: ikiwa ndogo inadondoka ukichuchumaa, ikiwa kubwa inauma na kuzuia mkojo. Kabla ya kuondoka kliniki, tembea, kohoa, uchuchumae, ukojoe. Kisha urudi kuangaliwa kila miezi mitatu hadi sita. Pete iliyosahaulika miaka miwili inachimba kidonda. Upasuaji ni njia ya mwisho, si ya kwanza. Krimu ya estrojeni ya ukeni husaidia ngozi iliyokonda baada ya hedhi kukoma. Uliza kama inakufaa.

Gunia la kilo 90 huligusi, hata kwa kushika upande mmoja. Mahindi yasogezwe kwa nusu debe. Adhuhuri lala dakika 20, makalio juu ya mto. Na choo kigumu ni adui kuliko jembe: kula mboga, maharagwe, papai, na maji. Choo cha shimo kwa kweli kinakupa mkao mzuri kuliko cha kukalia, mradi usisukume. Cha kukalia, weka miguu juu ya kistuli magoti yapite nyonga, uinamie mbele, uache mdomo wazi.

Ukiona damu, na hedhi ilishakoma, usingoje miadi. Nenda wiki hiyo hiyo.

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, kwa hivyo huko chini hakuna shida, sivyo? (Kaka wa Ahero)

Sivyo. Misuli ilibeba uzito miezi yote tisa kabla ya kisu. Na wiki sita hizi ukachote maji wewe.

Nimeolewa mwaka huu, nina miaka 24. Tukikutana na mume wangu nasikia kama ukuta, kisha maumivu makali. Shangazi kaniambia nifanye Kegel ili nizoee. (Kakamega)

Acha leo. Misuli yako haikosi nguvu, haikosi mkazo, inakosa kulegea. Kuibana zaidi ni kukaza boliti iliyoshika kutu.

Kwanza daktari aondoe uwezekano wa maambukizi, kidonda, au hedhi zenye maumivu zinazoashiria ugonjwa mwingine. Nyumbani, piga magoti kitandani, keti juu ya visigino magoti yakiwa mbalimbali, inama mbele paji la uso liguse mto. Vuta pumzi mpaka tumbo lijae, uhisi msamba ukishuka na kufunguka, kisha utoe pumzi bila kubana. Dakika 5, asubuhi na jioni. Hatua inayofuata ni vipanuzi, vijiti laini vya kuuzoesha uke kufunguka, vya saizi zinazopanda kidogokidogo, ukiongozwa na fizio, ukiwa na kilainishi cha maji. Vaselini na kondomu haviendi pamoja, mpira unapasuka.

Tendo lenyewe lisimame kwa sasa. Kila jaribio la maumivu linaufundisha mwili kujifunga mapema zaidi. Mumeo aambiwe hivyo kwa maneno haya haya. Na atakayekushauri "kunywa kidogo ulegee" hakutakii mema. Kama kuna jambo ulilofanyiwa zamani bila hiari yako, mwambie mtaalamu. Halitakuwa geni kwake.

Nina miaka 19. Nilikuwa na uchungu siku mbili, mtoto akafariki. Tangu hapo mkojo unatoka wakati wote, hata nikilala. Mguu mmoja pia unaburuta. Nimeambiwa nifanye mazoezi ya kubana. (Migori)

Pole sana, mwanangu, kwa mtoto na kwa yote. Mkojo unaotoka bila kukoma mchana na usiku baada ya uchungu mrefu hauashirii udhaifu wa misuli. Ni dalili ya fistula, nasuri, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Kichwa cha mtoto kilikandamiza nyama hapo mpaka ikafa na kutoboka. Tundu halifungwi kwa mazoezi, na hukurogwa.

Nenda sasa, usingoje kambi ya matibabu. Kama ni wiki chache tangu ujifungue, tundu dogo linaweza kuziba lenyewe mkojo ukitolewa kwa mpira wa katheta. Likichelewa, ni upasuaji. Kwa upande wenu anzia hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, ile mnayoiita Russia, useme neno lenyewe: fistula. Eldoret iko Gynocare, hospitali ya wanawake inayotibu tatizo hili. Kunywa maji mengi. Yakipungua, harufu na michubuko huzidi.

Ule mguu usiufiche. Mshipa wa fahamu ulikandamizwa pamoja na kibofu, na fiziotherapia ya mguu ianze hata kabla ya upasuaji: kila siku vuta kidole gumba na unyayo uje juu kwa kutumia leso, ili kisigino kisije kikakaza. Mazoezi ya kubana yatakuja baadaye, mpira ukishatolewa na daktari akikubali. Kwa miezi mitatu baada ya matibabu hakuna tendo la ndoa, na mimba ijayo ijulikane hospitali mapema kwa sababu mtoto atatolewa kwa upasuaji.

Mkanda wa tumbo baada ya kujifungua uvaliwe muda gani? (Free Area, Nakuru)

Ukitaka, wiki chache, na ulegee kiasi cha kupumua mpaka chini. Ukihisi uzito ukeni baada ya kuufunga, umekaza mno na unasukuma kila kitu kwenye misuli iliyochoka. Pima tumbo lako wiki ya nane: lala chali, magoti juu, inua kichwa, weka vidole juu ya kitovu. Pengo likizidi vidole viwili, au tumbo likichongoka kama paa la nyumba, situps zingoje na fizio akuone.

Nitajuaje kama huyu fizio anajua kazi? (Kisumu)

Mwombe leseni ya mwaka huu ya Baraza la Wafiziotherapia, lililoundwa kwa sheria ya 2014. Kisha angalia anavyoanza. Anayeuliza kuhusu choo, uzazi na maji kabla ya kitu kingine, akaeleza uchunguzi wa ndani kabla ya kuvaa glavu, akakuruhusu uje na mwenzako au ukatae kabisa, huyo baki naye. Anayekuambia "bana mara mia kwa siku" bila kukugusa wala kukuuliza, mlipe nauli yake ya maneno uende zako.