Behewa likiacha reli, usikae kusubiri treni

Asubuhi ile nilikuwa na funguo za duka kwenye mkoba, na ndizo zilizoniponza. Bila funguo ningesema nimechelewa, basi. Lakini duka letu la vitenge pale Kariakoo, Dar es Salaam, hufunguliwa saa mbili, wateja wa mikoani huwahi ili wapande mabasi yao mchana, na bosi alikuwa safarini. Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa stesheni ya Pugu, nimeshakata tiketi, nimeshapata pa kuegemea. Saa moja na nusu bado nilikuwa nimeegemea palepale.

Habari ilianza kama tetesi. Kijana mmoja alipigiwa simu na mwenzake kwamba treni ya mizigo imeacha reli huko mbele, upande wa Vingunguti. Mara ni behewa moja, mara matatu, mara kichwa chenyewe kimelala. Mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi alitutazama, akasema, "Haya, nyie subirini. Mimi nashuka barabarani." Tukamcheka. Nadhani alimaliza kuuza ndoo nzima kabla mimi sijafika hata Banana.

Mimi si mgeni wa treni ya jiji. Ile ya kwanza ya Stesheni hadi Ubungo Maziwa ilipoanza Oktoba 2012, watu wakiiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, nilikuwa nakaa Mabibo na nilikuwa abiria wake. Nilipohamia huku Pugu nikaendelea na hii. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza treni ya mizigo inanihusu nini. Kumbe tunapita reli moja, mimi na makontena yanayotoka bandarini kwenda Kigoma na Mwanza. Likianguka lao, limeanguka langu.

Stesheni sote tuliuliza swali moja: treni inakuja saa ngapi? Hilo halina wa kulijibu saa ile, maana hata aliyefika kwenye tukio ndiyo kwanza anatazama uharibifu. Swali la maana ni lingine. Lililoacha reli liko kati yako na unakokwenda, au liko nyuma yako? Likiwa mbele yako, ondoka hapohapo. Reli hii ya zamani kwa sehemu kubwa ni njia moja. Treni mbili hupishana stesheni, penye njia ya pembeni. Zikiwa katikati hakuna pa kupenyea.

Pale stesheni alikuwepo mtaalamu (kila stesheni ina wake) aliyetutuliza kwamba wataleta treni kwa reli ya umeme. Haiwezekani. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, ya umeme ina 1,435. Hata TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha, ina 1,067. Milimita 67 tu, na ndizo zilizofanya kijengwe kituo cha kuhamishia makontena kule Kidatu, mitandao hiyo miwili inapokutana. Kwa hiyo ukimsikia mtaalamu wako, mpe pole kisha tafuta bodaboda.

Jioni yake nilimpigia baba mdogo wangu, ambaye alikuwa fundi wa njia ya reli kabla ya kustaafu. Nilitaka kulalamika, yeye akanigeuzia somo.

"Mwanangu, wamekwambia limesimama au limelala?"

"Sijui, baba mdogo. Wamesema limeanguka."

"Basi hujaambiwa kitu."

Akanieleza kwamba gurudumu la treni linashikwa relini na ule ukingo wake wa upande wa ndani, basi. Nafasi kati ya chuma na chuma ikitanuka kidogo, au kokoto zikisombwa na mvua mataruma yanayobeba reli yakabaki yananing'inia, au ekseli ikikatika, ukingo unapanda juu ya chuma na behewa linashuka. Likishuka likabaki limesimama, hasa likiwa tupu, mafundi wanalipandisha kwa jeki na vyuma vya kulielekeza. Likilala, na lina mzigo, inaitwa krini, na krini nayo inasafiri kwa reli hiyohiyo. Tena kulinyanyua ndiyo nusu ya kazi. Behewa lililoburuzwa linakata mataruma na kung'oa vifungio, na hivyo vyote lazima virudi mahali pake kabla kichwa kimoja hakijapitishwa polepole kujaribu njia. Kipimo chake mzee ni hiki: limesimama, sahau asubuhi, limelala, sahau siku. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza hivyo, na watu wananitazama kama nina wazimu.

Kilichonishika stesheni zaidi, nikiri tu, ni tiketi. Nilishalipa, nikaona nikiondoka nimepoteza. Kwa ajili ya nauli ndogo kama ile nikapoteza saa nzima na nusu, halafu nikalipa bodaboda mara kadhaa yake. Tiketi itunze, kesho yake uulize dirishani. Lakini usiruhusu ikuamulie safari.

Na barabarani kuna hesabu yake. Treni moja ikikosekana, ule umati wa mabehewa yote unamwagika Nyerere Road kwa mpigo. Wanaotoka mapema wanapata daladala za kawaida kwa nauli za kawaida. Nilipofika mimi, bajaji walishajua kilichotokea, na kila mmoja alikuwa na bei yake. Usijipange kituo cha katikati kama Ukonga au Banana, gari zinafika hapo zimeshiba, konda hata hakutazami. Nenda Gongo la Mboto zinakoanzia. Na kama wewe unakaa Ukonga, panda gari inayorudi Gongo la Mboto ugeuze nayo. Unalipa mara mbili, lakini unakaa kwenye siti na unafika. Weka noti mbili tatu mkobani kwa ajili hiyo, maana siku kama ile foleni ya kutoa pesa kwa wakala ni treni nyingine.

Kuna waliokata shauri kutembea juu ya reli kuelekea tukio, wengine kwa haraka, wengine kuangalia tu. Kichwa cha uokoaji kinaweza kuja kutoka upande wowote, na siku hiyo hakifuati ratiba uliyoizoea. Na ukisikia ni mabehewa ya mafuta, geuka hata kama wenzako wanakimbilia huko na madumu. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lilikuwa lori moja tu lililopinduka, watu wakaenda kuchota. Zaidi ya 100 walikufa.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni jioni. Saa tisa mtu akaleta habari dukani kwamba njia imefunguliwa, nikafurahi, nikashuka stesheni ya Kamata saa kumi na moja kuisubiri treni. Treni yenyewe iko wapi? Ilikwama Pugu tangu asubuhi. Isipofika mjini asubuhi haiwezi kutoka mjini jioni, mpaka iletwe kwanza, na njia ikifunguka kuna treni za mizigo zilizopangana stesheni kadhaa zikingoja zamu. Nilirudia kosa lilelile mara mbili kwa siku moja. Panga usafiri wa kurudi asubuhi ileile, ukiwa bado na hasira. Hasira inakumbuka vizuri.

Bosi nilimpigia saa mbili na robo. Mteja kutoka Tunduma alishampigia saa mbili na dakika tano, akiwa mlangoni. Ningempigia mimi saa kumi na mbili na nusu na kumtumia picha ya umati pale stesheni, ningekuwa mfanyakazi aliyetoa taarifa. Saa mbili na robo nilikuwa mfanyakazi anayejitetea, na sauti yake ilionyesha tofauti hiyo.

Funguo za akiba sasa ziko kwa fundi cherehani wa chumba cha pili, anakaa Ilala na huja kwa miguu. Mwezi uliopita nilifika saa mbili kasoro nikakuta mlango wake umefungwa, na funguo zangu nilikuwa nimezisahau nyumbani kwa sababu yeye yupo. Alikuja saa tatu. Alikuwa anasubiri mvua ikatike.