Re: Uvimbe wa ubongo ulioonekana pia mapafuni

Ndugu, umeuliza kama mjomba wako, ambaye picha zimeonyesha uvimbe ubongoni na mapafuni, bado anaweza kupasuliwa kichwa. Kabla ya kuitisha harambee (wengi wetu hapa Nairobi huanzia hapo), muulizeni daktari ugonjwa ulianzia wapi, kwa sababu saratani inayoanzia ubongoni ni nadra sana kusambaa nje ya ubongo na uti wa mgongo. Mara nyingi huwa imetoka mapafuni, kwenye titi au figoni ikapanda kichwani, na kinyama kikikatwa na kupimwa maabara ndipo jibu hupatikana.

Upasuaji una nafasi hasa uvimbe wa kichwani ukiwa mmoja, ukifikika bila kuharibu usemi au mwendo, na ugonjwa wa kifuani ukidhibitika. Utafiti wa Patchell na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1990, ulionyesha kuwa nusu ya waliopasuliwa kisha wakapewa mionzi waliishi zaidi ya wiki 40, ilhali kwa waliopewa mionzi pekee kiwango hicho kilikuwa wiki 15.

Akianza kutapika na kusinzia kupita kiasi, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali mara moja.